Mtu Aliyeipa Mgongo Kilifi

Siku ya tatu ya hanga la msiba wa Kazungu, kule Dabaso, binti yake mkubwa, Kadzo, alipita katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, akaniwekea mapajani madaftari sita yaliyofungwa pamoja kwa mshipi wa kuvulia. "Baba alisema haya ni yako, Bi Rukia," aliniambia. "Alisema, mpeni yule wa maandishi." Nilimuuliza kama amekwisha kuyafungua. Alisema alifungua moja tu, akakuta nyuso za watu, na hakumjua hata mmoja. Chini ya turubai, vijana wa ukoo walikuwa wameinamia simu moja wakisoma hadithi ya picha inayotolewa kila Ijumaa, wakibishana kama yule mwanamke mwenye koti jekundu ni jini au si jini. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mzee tuliyemzika jana yake aliwahi kuchora hadithi kama hizo kwa nibu na wino, na kwamba mji mzima wa Malindi ulikuwa ukizingoja. Nilikula sima kwa maharagwe ya nazi, nikampa pole Mama Kadzo, nikarudi kwangu. Madaftari yalikaa juu ya meza wiki nzima bila kufunguliwa. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kuandika habari, na najua kuutambua mzigo ambao mtu akiufungua itambidi auandike.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza baada ya kumaliza shule, wakati Kilifi ilikuwa bado haina daraja na magari yote ya Mombasa yakivuka kwa feri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hati nzuri, na hati hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Chumba chenyewe kilikuwa Shella, mtaa wa Malindi, ghorofani kwa Bi Esha, mwanamke mjane aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza na aliyekuwa dada wa mwenye kazi. Ulipanda ngazi za mawe zilizolika katikati, ukaingia ndani ya harufu ya wino na nazi iliyokunwa. Meza yetu ilikuwa mlango wa kale uliolazwa juu ya masanduku mawili. Tundu la ufunguo lilikuwa bado lipo, na Kazungu alikuwa akisimamisha kalamu zake humo. Mwenye kazi alikuwa Maalim Shekuwe, mzaliwa wa Pate, mwalimu aliyestaafu mapema ili aandike. Alikuwa amekwisha kutoa riwaya nne za kuuzwa vituoni, zenye matajiri, wajane na mapolisi wa siri, zote zikitokea Nairobi, mji aliokwenda mara moja tu kutibiwa jicho, akauona kwa jicho moja. Walimu wenzake waliziita vitabu vya vichochoroni. Yeye hakukasirika. Alisema vichochoroni ndiko wanakopita watu.

Riwaya zilipoanza kulala madukani, alihamia kwenye hadithi za picha. Kila mwezi tulitoa kijitabu chembamba kiitwacho *Mjane wa Mtaa wa Pili*, tukapeleka kurasa kwa mpiga chapa Mombasa ndani ya bahasha aliyoibeba kondakta wa basi, na baada ya siku kumi vijitabu vikarudi vimefungwa kwa kamba ya katani. Maalim alisimulia akitembea. Kazungu alichora. Mimi niliandika maneno ndani ya viputo, kwa herufi kubwa, baada ya kupiga mistari miwili ya penseli kwa rula ili maneno yasipande wala yasishuke. Lakini kabla ya yote hayo zilitakiwa nyuso. Kazungu hakuweza kubuni uso. Ukimwambia achore tajiri, alikuchorea yai lenye miwani. Mpeleke mbele ya mtu hai, na kwa muda wa kumenya chungwa atakupa mtu huyo mzima, na uchovu wake. Maalim, kwa upande wake, hakuweza kusimulia mpaka aone uso. Basi mwanzo wa kila mwezi Kazungu alimwaga nyuso mezani, na Maalim akazipanga kama mchezaji karata. Huyu wakili. Huyu mwizi. Huyu mke anayejua.

Kulikuwa na sheria moja. Mwaka uliotangulia, kabla yangu, Kazungu alimchora muuza samaki wa sokoni, na Maalim akamfanya mlevi anayepiga wazazi. Mwenye uso alipanda ngazi zile akiwa na mkia wa taa mkononi, ule mkia wa samaki unaochapa kuliko kiboko, na Bi Esha ndiye aliyewaokoa kwa kuziba njia kwa karai la mafuta ya moto. Tangu hapo nyuso zote zilitoka kwenye feri ya Kilifi, miongoni mwa wasafiri. Na si wasafiri wote. "Chora wanaokwenda, usichore wanaokuja," Maalim alituambia kila tulipoaga. Anayekwenda kusini alikuwa akiondoka kwetu, na huenda asikione kijitabu chetu maisha yake yote. Anayekuja kaskazini anaweza kuwa jirani yako kesho. Nilipata kuisikia sheria hiyo mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuisikia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi inamalizikia, tuliposhuka Kilifi, Kazungu na mimi, kumpa kondakta bahasha na kutafuta nyuso. Kazungu alikuwa amenizidi kama miaka minne, mrefu, mwenye vidole vyeusi visivyotakata, na aliacha shule darasa la tatu. Njiani alinitaka nimfundishe herufi zangu, zile za viputoni, na nilipomfundisha mguu wa K akachoka. "Mulungu wangu," alisema, "mtu anaweza kuchorwa mzima kabla hujamaliza jina lake." Wafanyakazi wa feri walitujua, wakatuacha tuvuke na kurudi bila kushuka. Tulikaa juu ya boya la mpira tukila korosho. Tulivuka kwenda Mnarani, ng'ambo ya kusini, upande wa Mombasa, tukarudi Kilifi, tukavuka tena, na katika kupiga soga sikuhesabu tena tumevuka mara ngapi. Feri ile ilikuwa na mdomo mbele na nyuma. Haikugeuka. Wala abiria hawakukaa kwa kufuata upande wa safari. Walisimama walivyotaka.

Ndipo akatokea mtu wa shati jeupe, mwenye kovu dogo kwenye nyusi, na sanduku la karatasi miguuni. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto anayekohoa hata macho yakimtoka. Mtu yule alichutama, akafungua sanduku, akatoa chupa na kijiko, akakijaza taratibu, akaupeleka mkono kinywani mwa mtoto kama anayebeba yai. Kazungu aliacha korosho. Alichora upesi, ulimi ukiwa nje.

"Huyu anakwenda au anakuja?" nilimuuliza.

"Anakwenda Mombasa."

"Umejuaje?"

"Si umwone kaelekea Mnarani? Kilifi kaipa mgongo."

Niliangalia. Kweli alikuwa ameipa mgongo Kilifi. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Nilikula korosho nyingine.

Maalim alipoiona picha ile alisimama, jambo ambalo hakulifanya kwa nyuso nyingine. "Huyu!" alisema. "Tazama mkono ule. Tazama upole ule. Huyu anaua." Papo hapo akaanza kutembea, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kumpa jina, Bwana Kijiko, mtu anayewaendea wajane wagonjwa na chupa ya dawa, akawanywesha kijiko kimoja kimoja mpaka nyumba zinakuwa zake. Mtoto akafutwa. Mama akafutwa. Mahali pao akachorwa mjane juu ya kitanda cha samadari. Bi Esha, ambaye kila mara alisikiliza akiwa chini ya ngazi na kinu katikati ya miguu, alipaza sauti: "Mwenye uso mzuri kama huo, Shekuwe?"

"Ndiyo maana, dada! Mwenye uso mbaya atafunguliwa mlango na nani?"

"Basi leo silali na dirisha wazi."

"Umesikia?" Maalim alituambia, amefurahi. "Msomaji hataki kumwogopa mtu mbaya. Anataka kumjua kabla ya wengine kumjua." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi katika kazi yangu ya baadaye, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyofanya kitu kile kiwe cha hatari. Sisi tulimfundisha msomaji kumtambua mtu.

Kijitabu cha mwezi wa nne kiliuzwa kuliko chochote tulichotoa. Huko kwetu watu hawakusoma peke yao. Kwa kinyozi aliyekuwa karibu na soko, mwenye kusoma alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akasoma kwa sauti, na wengine wakamshika bega kuona picha. Wanaume wazima walimwonya mjane: "Usinywe, ewe! Mtemee usoni!" Wake wakiwaletea waume chai walitaniwa, "Lete kijiko, lakini uwe mbali nacho." Nilisimama nje ya duka lile mara kadhaa kusikiliza maneno yangu mwenyewe yakitoka katika koo za watu. Sikuwa nimeyabuni, niliyaandika tu, lakini raha yake niliipata. Mwezi wa tano Bwana Kijiko aliua mjane wa pili. Mwezi wa sita, nibu ilinichoma kidole kikavimba, nikaenda zahanati moja nje kidogo ya mji.

Foleni ilikuwa ndefu ukutani, kina mama na watoto, na niliona jambo ambalo kwanza sikulielewa. Walikuwa wakimwona tabibu, wakipewa karatasi, kisha wakifika kwenye dirisha la dawa walisitasita kama mbuzi kwenye maji. Mmoja alipokea chupa kwa ncha za vidole, akaiweka ndani ya leso bila kuitazama. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimnong'oneza mwenziwe, "Ndiye. Wallahi ndiye. Angalia nyusi." Mwenziwe akasema, "Wiki zile za mwanzo mimi nilimpenda, mtu mpole. Kumbe!" Nikainua macho dirishani. Shati jeupe. Kovu. Alikuwa ameletwa na serikali kutoka Taita, jina lake Bwana Mwadime, mtoa dawa mpya, na alianza kazi katika mwezi ule ule wa tatu, tena, nilivyopiga hesabu baadaye, kesho yake tu baada ya siku ile ya feri. Alinifunga kidole kwa utulivu.

"Kidole kimejaa wino," alisema. "Wewe mwandishi?"

"Nauza duka," nilisema.

Hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule ambayo sikuwahi kumsimulia mtu. Uongo wangu mwingi wa ujana nimeusahau. Huu una ladha ya dawa ya jeraha.

Niliporudi Shella niliwaambia wenzangu. Tulikuwa tunakula wali na mchuzi wa papa, na Kazungu aliweka tonge sahanini, hakulichukua tena. "Mimi nilisema kaelekea Mnarani," alirudia, kama anayetoa ushahidi. Maalim alifikiri kwa muda wa kumaliza sahani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hadithi katikati. Alisema hatuwezi kumtoa Kijiko, wasomaji watatuchoma, lakini tunaweza kumbadilisha polepole mpaka asifanane na mtu. Tumfugishe ndevu. Mwezi wa saba ndevu chache, mwezi wa nane ndevu kamili, na mwenye uso atabaki na uso wake. Tuliona ni akili kubwa. Hakuna aliyetoa shauri la kwenda kumwambia mwenyewe. Bi Esha aliuliza mara moja kutoka chini, "Na yeye mmemtaka ushauri?" Maalim akamjibu kwamba mchuzi umekolea.

Sasa huyo Mwadime, tulikuja kujua, alikuwa amechoka kuitwa Kijiko na watoto wa njiani. Hakujua kisa chote. Alionyeshwa kijitabu na mlinzi wa zahanati, akacheka, kisha alipoona watu hawachoki akaamua kufanya alilofikiri litamtofautisha na picha ile. Alifuga ndevu. Alizianza mwezi wa saba. Zikatimia wa nane. Kijitabu cha mwezi wa nane kilipotoka, Bwana Kijiko amefuga ndevu ili wajane wasimtambue, na mtoa dawa wa zahanati akasimama dirishani na ndevu zile zile, aliyekuwa bado na shaka hakuwa nayo tena. Kwa kinyozi nilisikia mtu akisema, "Huyu anayechora ana macho. Anamfuata kila hatua!" Kinyozi akajibu kwamba mteja huyo hakupita kwake, angemwondolea hatia kwa wembe mmoja. Walicheka sana. Nilimwambia Kazungu, akaenda kusimama mbele ya zahanati, akarudi, akasema tu, "Zimemkaa vizuri kuliko nilivyochora."

Mwadime alikuja kwetu alasiri moja ya mwezi huo huo. Tulisikia hodi, tukasikia Bi Esha akiitikia karibu. Alipanda ngazi polepole na kijitabu kimekunjwa mkononi. Maalim alimpa kiti chake. Bi Esha alileta chai ya tangawizi na vikombe vinne, na kwa kitambo hakuna aliyeshika chake. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, akainua kikombe, akanywa funda refu. "Mnaona?" alisema. "Sijui nani kapika, na nimekunywa." Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyemchora. Kazungu aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Umenichora vizuri. Hata kovu umeliweka."

"Bwana wangu," Maalim alisema, "hizi ni hadithi za kubuni. Nyuso hukutana."

"Maalim, hili shati ndilo lile. Kijiko ninacho mfukoni. Mtoto wa kwenye feri alipona, kama mnataka kujua. Mamake ni wa Takaungu." Hakuwa amepandisha sauti. "Sikuja kugombana. Juzi mama mmoja wa Muyeye nilimpa dawa ya homa ya mtoto. Alipotoka akaimwaga ukutani, nyuma ya zahanati. Sisimizi wamejaa pale kwa ile sukari. Leo asubuhi mtoto karudishwa na degedege. Kazinduka saa tano. Mimi natoka huko."

Chini, kinu kilikuwa kimesimama.

"Wataka nini, mwanangu?" Maalim aliuliza.

"Semeni mtu wenu si mimi. Ndani ya kijitabu. Kwa herufi kubwa."

Maalim alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema akiandika hivyo, wale wasiojua nao watajua. Alisema pia kwamba riwaya haiombi radhi, ikiomba mara moja haiaminiwi tena, na yeye hana kazi nyingine. Kazungu akasema basi Kijiko afe, mwezi ujao, gari limgonge, yaishe. Mwadime alimwangalia kwa huruma. "Afe, nami nionekane dirishani kesho yake? Si watanikimbia mara mbili?" Hata Maalim alicheka. Mgeni alimaliza chai, akasimama, akauliza jambo la mwisho, na aliuliza akinitazama mimi na kidole changu kilichopona.

"Siku ile mlikuwa karibu, nakumbuka mlikula korosho. Mbona hamkuniuliza nakwenda wapi? Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri bila kuzungumza na mtu. Ningewaambia."

"Ulikuwa umeelekea Mnarani," Kazungu alisema.

"Niliupa mgongo upepo," alisema Mwadime, "dawa isimwagike."

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu ulikuwa wa barua za wasomaji, na Maalim hakuusoma kamwe kabla ya kupelekwa Mombasa. Uliachiwa mimi. Mwezi wa tisa niliziondoa barua zote, nikamwomba Kazungu picha ya kwanza, ile nzima, yenye mama na mtoto na sanduku, nikaandika chini yake: MTU HUYU NI MTOA DAWA. ALIKUWA AKIMPA MTOTO MGONJWA DAWA. YA KIJIKO NI HADITHI TU. Bahasha ikaenda. Kwa siku kumi nililala kama mtu aliyelipa nadhiri. Kijitabu kilipotoka nilikwenda kusimama nje ya kinyozi, na nikasikia msomaji akifika ukurasa ule, akasoma maneno yangu hadi mwisho, kisha akapiga goti lake kwa kofi. "Ala! Kumbe alianzia kwenye feri!" Wakamnyang'anya kuangalia. Mmoja akauliza kama mtoto yule alikufa. Mwingine akasema yale maneno ya chini ndiyo anayosema Kijiko mwenyewe kujitetea, mjanja yule. Nilibaki pale mpaka aliyekuwa akinyolewa akatoka.

Maalim alinikaripia kwa dakika chache, kwa desturi. Barua zilipoanza kuja zikitaka habari zaidi za mtoto wa feri, alinionyesha rundo, na hakuwa na furaha kama nilivyotarajia. "Nilikuwa nikidhani nakataa kwa ubinafsi," alisema. "Labda nilikuwa najua tu. Kitu kikishaingia humu, mwanangu, hakitoki kama kilivyoingia." Nimeandika marekebisho mengi magazetini tangu hapo, ya majina na vyeo, katika pembe za kurasa, na kila mara nimeyaandika nikijua kwamba yule niliyemkosea ndiye atakayeyasoma, pengine peke yake.

Aliyemwokoa Mwadime ni Mwadime. Mwezi wa kumi Bi Esha alishikwa na kifua, na alikataa kwenda kwingine isipokuwa zahanati ile. Alirudi akapanda ngazi zote, jambo lililomtia tabu, ili atusimulie uso kwa uso. "Mwaona yule? Sasa kabla hajampa mtu dawa, anaitia kijikoni, anailamba yeye mwanzo, mbele yako, anakunja uso kwa uchungu wake. Kama mwenye nyumba anavyouonja mchuzi mbele ya mgeni. Siku nzima, kila mtu! Ulimi wake sijui una hali gani." Maalim aliuliza kama watu wanapokea. "Wanapokea, sana. Wengine wanakwenda kumwona akikunja uso. Nami nikamwambia, mwanangu, mimi usinionjee, nipe." Alitutazama wote watatu. "Hata hilo la kuonja, nyinyi na akili zenu hamkuliona." Akashuka.

Mwezi wa kumi na mbili nilisikia amehamishwa, kwa kuomba mwenyewe. Nilikwenda zahanati asubuhi. Alikuwa amenyoa ndevu, amekaa juu ya sanduku la karatasi akingoja gari la serikali. Nilimwambia kwamba mimi siuzi duka. Alisema alijua tangu siku ile, muuza duka hapati sugu ya kalamu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote kwa herufi kubwa. Lililotoka ni moja.

"Unakwenda wapi, Bwana Mwadime?"

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Swali hilo limechelewa miezi tisa," alisema. "Nakwenda Hola." Nilimsimulia Kazungu jioni hiyo, neno kwa neno. Mwezi uliofuata nilipata kazi katika gazeti Mombasa, nikaondoka. Kijitabu cha *Mjane wa Mtaa wa Pili* kiliendelea kwa muda, kisha kikafa bila mtu kukitangazia, na Maalim akafuata baada ya miaka. Kazungu alikwenda kuchora mabango ya hoteli za Watamu. Tulionana misibani na harusini, tukaulizana hali ya watoto.

Jana nilikata mshipi wa madaftari. La kwanza ni nyuso bila neno, wasafiri wa kabla yangu na wa wakati wangu. La pili hivyo hivyo. Kuanzia la tatu, chini ya kila uso kuna maandishi. Ni herufi zangu, zile za viputoni, na mguu wa K umetoka mrefu kupita kiasi, kama alivyouchora siku ile akachoka kabla sijamrekebisha. ANAKWENDA MTWAPA. DADAKE ANAOLEWA. ANAKUJA WATAMU. KUTAFUTA KAZI HOTELINI. ANAKUJA GARSEN. NG'OMBE WAMEPOTEA. ANAKWENDA MOMBASA. JINO. Mmoja, mzee mwenye kofia: HAKUTAKA KUSEMA. Nilihesabu mpaka mia na zaidi, nikaacha. Alikuwa amewauliza wote. Kwa jinsi ninavyojua hakuna uso hata mmoja kati ya hizo uliowahi kuchapishwa. Uso wa mwisho wa daftari la sita ni mfanyakazi wa feri, anayevuta mnyororo: HAENDI POPOTE. KESHO DARAJA.

Kisha nikarudi kwenye daftari la pili. Picha ya kwenye feri ipo, ile nzima, imebandikwa kwa gundi pembe nne. Mama, mtoto, sanduku, mkono, kijiko. Chini yake hakuandika kitu. Lakini mistari miwili ya penseli imepigwa kwa rula, sawasawa, na nafasi katikati yake ni ya upana wa herufi zangu. Mkono wangu siku hizi hautulii, na nibu sina. Niliandika kwa kalamu ya kawaida, nikaacha wino ukauke kabla ya kufunga: ANAKUJA MALINDI. KUANZA KAZI.